Muke Mwenzangu Alinifundisha Baiskeli

Mimi baiskeli nilifundishwa na muke mwenzangu. Cheka tu, hata wajukuu wangu hapa Bwera wanacheka. Wanasema muke mwenza anafundishaka mutu matusi na uchawi, baiskeli atakufundisha wapi? Mimi ninawaambia, mimina chai, kaa chini, musikie hii mambo kwa kinywa yangu mwenyewe, sababu mwingine anaijua ni yeye tu, na yeye iko mbali.

Bwana yetu alikuwa askari. Mutu wa hapa hapa Bwera, mutoto wa mulima kama mimi. Wakamutuma kazi kule Teso, akakaa, akakaa, halafu siku moja akarudi kwa kambi yetu Kasese na lori ya jeshi, akashusha vitu mbili: baiskeli na bibi. Zote ndefu, zote nyeusi, zote zinang'aa. Mimi nilikuwa nimesimama kwa mulango ya nyumba yetu ya kambi, mukono kwa kiuno.

Akasema, "Hii ni baiskeli, na huyu ni mudogo wako."

Nikamuuliza, "Baiskeli italala wapi?"

Ya mutu sikuuliza.

Asubuhi yake huyo mudogo wangu akafunga kitenge vizuri, akapanda baiskeli, akaenda sokoni. Mwanamuke! Amekaa juu, mugongo imenyooka, anapiga kengele, askari wanamupisha kama afisa. Mimi nilishika mudomo. Kwetu mulimani mwanamuke habebwi na kitu, yeye ndiye anabeba. Unafunga muzigo na kamba, kamba unaweka hapa kwa paji ya uso, muzigo inalala kwa mugongo, unainama, unapanda. Kuni, maji, mihogo, kahawa. Nilianza nikiwa mutoto kabisa. Ukigusa paji yangu utasikia kishimo, kidole inaingia. Lakini kule Teso hakuna mulima. Ni tambarare mupaka macho inachoka, na wanawake wanaenda shamba na baiskeli, wanaenda kanisa na baiskeli, na mutoto iko mugongoni analala.

Basi mimi nikamuona yeye ni malaya. Yeye akaniona na kamba yangu, akasema mimi ni ng'ombe ya kulima. Lugha yake sikujua, lugha yangu hakujua, tulitukanana na Kiswahili ya kambi. Tulichukiana miaka mingi, lakini na adabu. Chumvi tuliombana.

Kitu ilitupatanisha ni ugonjwa ya bwana. Alilala kitandani muda murefu, hawezi kujigeuza. Mutu mukubwa hageuzwi na mutu mumoja. Huyu akishika mabega, mwingine lazima ashike miguu. Sasa wewe shika miguu kila siku, muke mwenzako ashike mabega, munahesabu pamoja, moja, mbili, inua! Chuki inakosa mahali ya kukaa. Wakati bwana alikufa, tulimuleta kuzika hapa Bwera, na kwa matanga yeye ndiye alikuwa ananishika nisianguke.

Nyumba ya kambi wakapewa askari mwingine, hiyo ni kawaida. Watu wakasema, sasa tutaona, hao wawili watauana. Sisi tukapanga chumba moja pale nje ya kambi, karibu na uwanja ya mupira, tukanunua godoro moja. Mutoto wangu mwanaume alikuwa hapa Bwera na bibi yake na kahawa yake, aliniita nije. Wakati ile nikakataa. Muke wa mutoto anakupimia chakula na jicho. Na mimi nilikuwa na mwenzangu, ningetafuta nini?

Kazi yetu ilikuwa chumvi. Chumvi ya Katwe, kule kwa ziwa ya chumvi, ilikuwa inafika Kasese na magari, yeye anafunga gunia kwa baiskeli, anazunguka vijiji ya kule chini Mubuku, anauza na kikombe, nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa nabeba yangu na kamba kwa vijiji ya karibu. Tunarudi jioni, tunapika, tunasema watu. Mimi ninaita yeye Mudogo, yeye ananiita Afande, sababu mimi ni muke wa kwanza. "Afande, ugali iko tayari! Afande, nipe ruhusa nikalale!" Nilikuwa nacheka mupaka jirani anagonga ukuta.

Halafu shingo yangu ikakataa. Mukono ikaanza kufa ganzi, siwezi hata kushika mwiko. Muganga kwa hospitali akashika shingo yangu, akashika na hii kishimo, akauliza, "Mama, umebeba kitu na kichwa tangu lini?" Nikamwambia tangu Mungu aliniumba. Akasema basi, kamba imeisha. Ukiendelea, utalala na hutaamuka.

Na wiki ile ile simu ikalia kutoka Teso. Mama ya Mudogo, muzee kabisa, macho ilikuwa imefunga, haoni tena. Dada ya Mudogo aliyekuwa anamupikia alikuwa ameanza kuugua. Walikuwa wanasema, rudi nyumbani, mama anakutafuta.

Mudogo hakuwa na mutoto hapa. Bwana amekufa. Kitu ya kumufunga hapa ilikuwa nini? Mimi tu. Siku mingi ikapita, halafu siku moja tunachambua maharage, akasema bila kuniangalia:

"Afande, mimi nitaenda. Lakini siwezi kukuacha hapa na shingo mubovu, utakula nini? Utajua baiskeli kwanza. Siku utapanda mwenyewe na muzigo, uende, urudi, mimi siku ya pili ninaondoka."

Nikamwambia, "Basi hutaondoka. Mimi ni mutu muzee. Mutu muzee hafundishwi baiskeli."

"Tutaona."

"Utaona wewe."

Nilisema hivyo ninacheka. Musikie vizuri, hii ndiyo mambo yote: nikijua baiskeli, anaenda. Nikiendelea kuanguka, anabaki.

Tulianza pale kwa uwanja ya mupira. Siku ya kwanza shida ilikuwa nguo. Kitenge inaingia kwa munyororo. Nikakumbuka chini ya godoro kulikuwa na suruali ya bwana, ile ya jeshi, ilibaki. Nikaivaa, nikafunga kitenge juu, nikajiona nimekuwa kamanda. Sijapanda hata, ninasukuma tu, tunapita mbele ya lango ya kambi, nikasikia:

"Wewe mama! Simama hapo!"

Nikasimama. Ni afande mumoja wa lango, kijana, ndevu haijajaa.

"Hiyo suruali ni ya nani?"

"Ya bwana yangu, afande."

"Bwana yako iko wapi?"

"Iko Bwera, afande. Chini ya udongo."

Akatafuna mudomo kidogo. "Suruali ya jeshi ni ya serikali. Raia haruhusiwi. Vua!"

"Hapa, afande?"

Weeh! Wanawake walikuwa kwa bomba na bidoni zao, wakaacha maji inamwagika. "Amri ni amri! Mama, tii! Vua, tuone serikali!" Mudogo naye, badala ya kunisaidia, amesimama wima, amepiga saluti, machozi ya kicheko inashuka. Yule kijana akageuza uso kwa ukuta. "Enda! Enda nyumbani! Haraka!" Nikageuza baiskeli haraka kama alivyosema, ikanipiga kwa kiuno, nikaanguka yote, mimi na baiskeli na kitenge, mbele ya buti zake.

Kesho yake Mudogo akanishonea suruali ingine kutoka kwa pazia. Ilikuwa na maua. Watu wa Kasese walinijua na ile suruali.

Sasa kujifunza. Yeye anashika nyuma, anakimbia, anapiga kelele kama wa jeshi: "Kichwa juu! Kanyaga! Kichwa juu!" Mimi kichwa haiendi juu. Mutu aliinama miaka yake yote chini ya kamba, anajua kuangalia mahali mguu inakanyaga tu. Nikipanda baiskeli ninaangalia tairi, nikiangalia tairi ninaenda kwa tairi. Nilianguka kwa majani, nikaanguka kwa mavi ya ng'ombe, nikaingia kwa goli, wavu ikanishika kama samaki. Vijana wa mupira wakapiga makofi, "Gooo!" Mama mumoja alikuwa anapita na ndizi akasema, "Mujane, unatafuta bwana mupya na mwendo ya kasi?" Nikamujibu nikiwa chini, "Natafuta wako, lakini naona hanitoshi."

Na siku moja nikafanya ile mambo Mudogo alikuwa anasimulia mupaka kwa sokoni. Alisema leo ujaribu na chumvi kidogo, nusu gunia. Akaingia ndani kuchukua maji. Kutoka, ananikuta nimekaa juu ya baiskeli, mguu moja chini, na gunia iko kwa mugongo yangu, kamba iko kwa paji.

Akasimama. "Afande. Unafanya nini?"

"Niko tayari."

"Gunia kwa nini iko mugongoni?"

Nikamwambia, "Baiskeli tayari imenibeba mimi. Nikiiwekea na chumvi, si itachoka? Chumvi nitaisaidia kubeba."

Mudogo aliweka maji pembeni. Akakaa chini pale kwa vumbi. Akalala kabisa na mugongo, anapiga udongo na mukono. "Ati nitaisaidia! Chumvi iko juu yako, wewe uko juu ya baiskeli, sasa muzigo anabeba nani?" Mimi nilikasirika sana, halafu nikafikiria, nikaona, haki ya Mungu, ni kweli. Lakini mutu wa mulimani ataniambia sikukosa. Kwetu hauwezi kukaa tu juu ya mwenzako wakati ninyi wawili mukiwa na kazi.

Hiyo ndiyo siku zetu nzuri. Ninawaambia, sikuwahi kucheka hivyo wakati bwana yupo. Nilikuwa na goti imechubuka, kiwiko imechubuka, na jioni Mudogo anaosha vidonda na maji ya chumvi, ninalia, anacheka, ninacheka. Na kila nikianguka, ndani ya roho nilikuwa nasikia utamu kidogo. Kesho Mudogo bado iko. Sikuanguka kwa kupenda, hapana, mwili yangu ilikuwa kweli haiwezi. Lakini mutu anaumia na anashukuru, mumeona wapi?

Simu ilikuwa inalia kila Jumapili, baada ya misa. Mudogo anasema na mama yake na lugha yao, mimi ninaondoka, ninaenda kuosha sahani. Jumapili moja akaniita, "Njoo. Mama anataka kusikia sauti yako."

"Nitamwambia nini, na lugha sijui?"

"Musalimie tu."

Nikachukua simu. Nikasema, "Mama, shikamoo. Mama, ni mimi." Kwa ile upande sauti ilikuwa nyembamba, nyembamba kama uzi. Akasema maneno mingi, polepole, kama mutu anahesabu mbegu. Nikamurudishia Mudogo simu. Wakasema, wakamaliza.

Nikauliza, "Amesema nini?"

"Hakuna kitu."

"Mudogo."

Akafuta simu na kitenge, akafuta tena. "Ameuliza kama wewe ni mutu muzuri."

"Umemujibu?"

"Nimemwambia ndiyo, ni muzuri, ila baiskeli bado hajajua."

"Na yeye akasema nini?"

Mudogo akaangalia kwa mulango. "Akasema basi, usimuache vile. Mimi nitangoja."

Usiku ile nilikuwa ninamuona yule mama kama vile ninaona hii kikombe. Mwanamuke muzee, haoni, amekaa kwa mukeka kule Teso, anangoja. Anangoja mimi. Kifo anaiambia kaa kidogo nje, kuna mwanamuke wa Kasese hajajua baiskeli. Na mimi huku ninafurahi kuanguka. Hata kama ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ni mama. Alinyonyesha huyu mutu, mimi nilimukuta tayari mukubwa, na baiskeli.

Asubuhi nikamwambia Mudogo, "Funga gunia kwa nyuma. Yote. Usipunguze."

"Ya nusu inakushinda, yote utaweza?"

"Funga. Mimi sijawahi kutembea bila muzigo, ndiyo sababu ninaanguka. Miguu yangu haijui kwenda bure."

Akafunga. Nikapanda. Akashika nyuma, akakimbia, "Kichwa juu, Afande! Kichwa juu!" Na mimi nikasikia ule uzito nyuma yangu, kama nilivyozoea, iko mahali yake, lakini paji yangu haina kitu. Hewa tu. Mara ya kwanza nikainua kichwa na shingo haikuuma. Nikaona mulima yote, mupaka juu kwa wingu. Nikakanyaga. Nikavuka uwanja, nikatoka kwa barabara, nikapita bomba, wale wanawake wakainuka wote, vigelegele! "Suruali ya maua imeenda! Imeenda!" Nikasema, "Mudogo, usiachilie!" Hakuna mutu alijibu. Alikuwa ameachilia tangu kwa goli.

Nilifika mupaka kwa muti ile ya njia panda, nikashuka kwa kuanguka kidogo, nikageuza, nikarudi. Yeye alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Anapiga makofi. Anapiga makofi, anaruka, anaita, "Afande! Afande wangu!" Halafu kadiri mimi ninakaribia, makofi inapungua. Kufika karibu, mikono yake ilikuwa imeshikana tu. Nikashuka. Akafungua gunia, akalibeba ndani na kichwa, na mimi nikabaki na baiskeli.

Siku ya kuondoka alikataa nimusindikize kwa stendi. Akasema, "Wewe ndiye utaondoka kwanza. Enda kazi. Mimi sitaki kuwa mutu amekuacha umesimama." Akafunga chumvi yangu mwenyewe, akavuta kamba na mguu, akajaribu breki, akaniwekea maji na muhogo. Akanishika uso na mikono yote mbili, akaniambia ile kitu wanasema kwao, mimi sikujua maana, sikuuliza. Nikapanda. Nikaenda. Nilikuwa bado sijui kugeuza kichwa nikiwa juu, ningegeuka ningeanguka, na nikianguka hangeondoka. Basi sikugeuka. Barabara yote ya Mubuku nililia na kengele ninapiga, watu wananipisha, wanafikiri nina haraka.

Kwa nyumba ya kwanza yule mama akaniuliza, "Leo chumvi imeletwa na wewe? Yule mwenzako murefu iko wapi?" Nikamupimia kikombe, nikamwambia, "Amesafiri." Kwa nyumba ya pili, vile vile. Kila mulango waliniuliza. Nilikuwa ninauza chumvi ninamuzika, ninauza ninamuzika.

Alifika, alimukuta mama. Hiyo ninashukuru. Waliishi pamoja mwaka na kidogo, alimuogesha, alimulisha, mama akalala vizuri, mukono yake kwa ya mutoto wake. Dada yake alikuwa ametangulia. Mudogo akanipigia simu, akalia, nikalia, tukamulilia na Kiswahili.

Nilingoja matanga iishe. Nilihesabu mwenyewe, nikaona sasa inatosha, hata watu hawatasema kitu. Siku ile nilikuwa nimezunguka na chumvi asubuhi yote, jua ilikuwa kali, nikasimama kwa kivuli kidogo pale kwa daraja ya mufereji, nikapiga simu.

Tukasalimiana. Nikamuuliza watu wa kwao, mvua, mbuzi. Halafu nikamwambia, "Sasa Mudogo, rudi."

Akasema, "Afande, dada yangu ameacha watoto. Wako wanne. Yule wa mwisho ananiita mama. Nikirudi, nani atawapikia?"

Niliona mambo inaponyoka kama ndoo kwa kisima. Nikamwambia haraka haraka, "Lakini mimi huku niko vibaya. Baiskeli imenishinda. Nimesahau yote. Ninaanguka kila siku, Mudogo, jana nimeanguka, leo nimeanguka. Lazima uje unifundishe tena."

Kwa simu nikasikia anavuta pumzi, halafu kicheko kidogo, ile yake.

"Afande, wewe uko wapi sasa hivi?"

"Niko Mubuku."

"Mubuku umefika na nini?"

Baiskeli ilikuwa imesimama pale mbele yangu, na gunia.

Nilikuwa ninasikia kuku za kwao. Tukakaa hivyo, kila mutu na simu kwa sikio, mupaka dakika zangu zikaisha.